Kuimba kwaya kunachosha kichwa kuliko koo, mnaosema "si mmeimba tu" njooni hapa

Alto_wa_Muyeye
Wadau hamjambo. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Mkesha wa Pasaka na naona bora nilitoe hapa manake nyumbani sieleweki. Nimerudi usiku mkubwa, nimekaa kitandani na sare yangu, viatu nashindwa kuvua, mzee wa nyumba ananiuliza kwani umechoka nini, si mmeimba tu? Nikakosa jibu. Koo lilikuwa zima kabisa, ningeambiwa niimbe tena ningeimba. Kilichoisha ni kichwa.

Ngoja niwaeleze wale ambao hamjawahi kusimama kwenye kwaya. Alto, yaani sauti ya chini ya wanawake, ni ile ambayo hakuna mtu anatoka kanisani akiipiga mluzi. Soprano ana tyuni, besi anatetemesha viti, na tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, anajipigia madoido yake, sisi tunapewa noti za mi mi mi fa mi, mi mi re mi, mstari mzima. Ukiiona kwenye karatasi utasema hii hata mtoto anaimba. Sasa simama na hiyo mi yako soprano wakiwa nyuma ya sikio lako la kushoto wanapanda so la do kwa nguvu zote, uone kama haitataka kuwafuata. Kuibakisha pale pale ndiyo kazi, na hakuna anayeiona.

Na hiyo ni moja tu, manake wakati ule ule jicho moja liko kwa mwalimu, jingine kwenye karatasi, sikio la kulia linawasikiliza watu wa tena wanaingia lini kwa sababu mimi naingia mapigo mawili baada yao, moyoni nahesabu, naangalia jirani yangu anavuta pumzi wapi ili mimi nisivute hapo hapo tukaacha tundu, namsikia mama mmoja wa mstari wa mbele ameanza kushuka na lazima nimuinue bila kumfunika, alafu uso uwe wa furaha kwa sababu ni Pasaka na kuna mtu anarekodi kwa simu.

Mkesha ndio unamaliza kabisa. Taa zinazimwa, mna mishumaa, nta inakumwagikia vidoleni na karatasi iko sentimita chache kutoka kwa moto. Masomo ya Agano la Kale yanafika 7 na kila moja lina zaburi yake au wimbo wake. Kinanda kwetu kimenyamaza tangu Alhamisi Kuu mpaka wimbo wa Utukufu, kwa hivyo mwalimu anachukua noti kwa simu ameibana sikioni kama anayepokea umbea, anatupa kwa kunong'ona, na sisi tunaishika kichwani gizani huku msomaji anasoma. Somo la tatu, lile la Bahari ya Shamu, wimbo wake unaingia palepale msomaji akimaliza, hakuna kupumua. Ukisinzia kidogo tu umeachwa.

Je ni mimi peke yangu?

Nahodha_Ngomeni
Pole dada lakini hapo umetia chumvi. Mimi navua, kuchoka nakujua. Kuimba ni starehe, mtu anachokaje na starehe?

Alto_wa_Muyeye
Kaka na wewe ukishika usukani usiku mbele ya mlango wa mwamba, mkono ndio unaochoka ama jicho?

Nahodha_Ngomeni
Hapo umenishika. Endeleeni nasoma.

Bin_Langoni
Asalaam aleikum wote. Mimi ni wa Amu, yaani Lamu, kwaya siijui lakini qasida nimekulia ndani yake, na dada yuko sawa ila kuna moya hajaligusa. Nyinyi mna mtu mbele anawapungia mikono. Sisi hatuna.

Kwenye maulidi msomaji anatoa beti, sisi tunaitikia. Watu wengi wanadhani msomaji ndiye mwenye kazi na sisi waitikiaji tunamsindikiza. Bwana wee. Msomaji anajua anakwenda wapi, sisi hatujui! Akipata raha anavuta, akiona watu wamepoa anakata, na akitaka anapandisha sauti bila kumuaga mtu, na sisi zaidi ya thelathini tunatakiwa tuanguke pamoja, kwa sauti ile ile aliyoiachia. Sasa tunatazama nini? Mabega. Wallahi mabega na kidevu. Bega likianza kushuka pumzi imekwisha, jitayarishe. Ukingoja mpaka usikie amemaliza umechelewa, ukiingia kabla yake umemkata mtu mzima maneno na utaambiwa mbele ya watu.

Ongeza twari mkononi, ile ngoma ndogo ya kushika. Mkono una mpigo wake na mdomo una wake na havifanani, na maneno ni Kiarabu ambacho wengi wetu tulikishika kwa sikio tangu chuoni tukiwa wadogo. Neno usilolijua maana likikuponyoka haliombi njia ya kurudi, kwa Kiswahili utabahatisha lenye maana ile ile, kwa Kiarabu utabahatisha nini?

Maulidi makubwa ya Riyadha mwisho wa Mfungo Sita, wageni wametoka Comoro, Tanzania, Uganda, na kila madrasa imekuja na vijana wake na majoho yao. Mtoto wa miaka tisa amesimama mbele ya wazee anaongoza qasida ndefu bila karatasi. Watu wanasema mashaallah sauti tamu. Mimi namtazama vidole, vinachezacheza pembeni ya kanzu, anahesabu beti.

Mama_Barani
Bin_Langoni umenikumbusha mwanangu, akimaliza kusoma qasida anataka chakula kama ametoka shamba 😂

Bin_Langoni
Ndiyo yenyewe hiyo bi mkubwa. Na hajainua hata jiwe.

Alafu nimesahau zafa. Tunatembea kandokando ya bahari, mbele kuna matwari, nyuma kuna watu, na wa nyuma wanasikia twari limeshapita. Siku zote tulikuwa tunalaumiana, wa mbele wanasema nyinyi wa nyuma mnazembea, wa nyuma wanasema nyinyi mnakimbia. Nikaja kupiga hesabu, sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, mkiachana mita 50 inachukua sekunde 0.15 hivi kufika nyuma. Kwa mwendo wa zafa hiyo ni kama robo ya mpigo. Wa nyuma hawazembei, wanaimba na twari lile wanalolisikia, ndilo hilo limechelewa. Mzoefu akiwa nyuma halifuati sikio, anaangalia mikono ya wapigaji inavyopanda na anaimba na mkono. Yaani anajilazimisha kutoamini masikio yake mwendo wote ule, na anatembea, na jua, na punda anataka kupita.

Alto_wa_Muyeye
Punda sisi hatuna, sisi tuna tuktuk inapiga honi nje wakati wa wimbo wa Mtakatifu.

Tena_Mstaafu
Nimesoma yote kimya lakini acha na mimi niongeze. Mnayoyasema ni kazi ya masikio na kumbukumbu. Kuna kazi nyingine haijatajwa nayo ni matanga.

Kwaya nyingi za huku Malindi zinazika. Mwanakwaya akifiwa tunakwenda, na mwanakwaya akifa mwenyewe ndio kabisa, tunakwenda wote na sare. Unasimama mita tatu kutoka kwa jeneza la mtu aliyekuwa akisimama begani kwako kila Jumapili, mjane yuko mbele yako, na unatakiwa uimbe aya nne kwa utulivu ili wengine wapate kulia. Wewe huna ruhusa, manake kulia na kuimba vinatumia koo lile lile. Kilio kikija koo linapanuka, unataka kumeza halikubali, lile fundo linakaa hapo na noti haipiti.

Kuna mambo tunafanya ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha, kila mtu ameyapata kwa wakubwa wake. Hutazami familia. Unatazama paji la uso la mwalimu, sio macho yake, macho yake nayo yanaweza kuwa mekundu. Hufikirii maneno. Mimi nilikuwa nazifikiria irabu tu, a ndefu, e fupi, o, namna mdomo unavyokaa, wimbo unabaki sauti zisizo na maana. Na mwenzako akishindwa anafunga mdomo anainamisha kichwa, na wewe uliye karibu yake unaongeza sauti kidogo kuziba pengo, aya inayofuata yeye amerudi na wewe ndiye umeinama. Waombolezaji wanasikia wimbo haujakatika hata mara moja. Kumbe huko ndani kila aya imeimbwa na watu tofauti.

Maziko yakiisha unakula pilau unacheka na watu, kesho yake saa kumi jioni uko dukani unapima sukari ndio unalia. Mimi hiyo ndiyo iliyonistaafisha, sauti bado ninayo.

Mama_Barani
😢 Kwenye mazishi ya shangazi yangu kwaya iliimba vizuri mpaka watu wakanong'ona ati hawa hawana uchungu. Leo nimeelewa.

Saiko_Kilifi
Mimi nasomea saikolojia huku Kilifi, mwaka wa mwisho, na huu uzi ni wangu kabisa. Yale mnayoyasema yamepimwa.

Mwaka 2000 kuna watafiti wa California walichapisha kazi yao, waliwapima mate wanakwaya, mazoezini na siku ya onyesho lenyewe. Kuna homoni inaitwa kotisoli, ile ya presha na wasiwasi. Mazoezini ilishuka kama asilimia 30. Siku ya onyesho, watu wale wale, ilipanda asilimia 37. Na kuna kinga moja ya mwili inayokaa kwenye mate, hiyo ilipanda kote kote na ilipanda zaidi kwenye onyesho. Kwa hivyo Nahodha ni kweli ni starehe, na dada ni kweli mwili wake ulikuwa vitani. Yote mawili kwa wakati mmoja.

Ya pili ni ya mende. Msicheke. Robert Zajonc na wenzake mwaka 1969 walikimbiza mende huku mende wengine wanatazama kama mashabiki. Njia ikiwa imenyooka, mende mwenye watazamaji alikimbia haraka kuliko aliye peke yake. Njia ikiwa na kona za kutafuta, mwenye watazamaji alichelewa. Maana yake macho ya watu yanaongeza nguvu kwa kitu chepesi au ulichokizoea, na yanaharibu kile ambacho bado unakitafuta. Wimbo mlioufanya nusunusu utaharibika siku ya Askofu amekuja, sio siku nyingine.

Nahodha_Ngomeni
Kwa hivyo wanakwaya ni mende 🤣🤣

Saiko_Kilifi
Wenye mashabiki.

Na ya tatu inafaa watu wa pwani. Godden na Baddeley mwaka 1975 waliwapa wazamiaji maneno wayashike, wengine wakiwa chini ya maji wengine nchi kavu. Walioshika chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakirudi chini ya maji, na wa nchi kavu vivyo hivyo. Akili inashika na mahali. Sasa nyinyi mnafanya mazoezi kwenye ukumbi, mmekaa kwenye viti vya plastiki, feni inalia, siku yenyewe mmesimama kwenye ngazi, mpangilio umebadilishwa dakika ya mwisho ili warefu wawe nyuma. Alafu mnashangaa aya ya tatu imekwenda wapi.

Alto_wa_Muyeye
Haki ya Mungu hilo la warefu nyuma!! Yaani wanakutoa kwa jirani uliyefanya naye mazoezi miezi mizima kwa ajili ya picha.

Sasa mwanasaikolojia nisaidie kitu, kuna siku naisikia sauti yangu vizuri nikiimba na kuna siku siisikii hata kidogo nabaki napiga kelele, kwa nini?

Saiko_Kilifi
Hiyo ni umbali wenu. Kuna Sten Ternström wa Stockholm aliwaacha wanakwaya wajipangie wenyewe wanataka kujisikia kiasi gani kulinganisha na wenzao. Walitofautiana lakini kwa wastani walitaka sauti yao iwe juu ya za wengine kwa desibeli 6 hivi. Mkibanana bega kwa bega unazipata za wenzako tu, yako imefunikwa, bila kujua unasukuma, jirani naye anasukuma, mwishowe kwaya nzima inapayuka na hakuna aliyeamua. Achaneni hata nusu hatua.

Mzee_Solfa
Wanangu nimefundisha kwaya tangu wengi wenu hamjazaliwa, mniruhusu nipinge. Nusu hatua mtaitoa wapi, kanisa lenyewe mnaliona, ukisogeza besi nusu hatua umemuweka kwenye kisima cha ubatizo.

Lakini hoja yangu ni nyingine. Mwanakwaya aliyefanya mazoezi sawasawa hachoki hivyo. Mnachoka kwa sababu siku ya kuimba bado mnatafuta noti. Alto_wa_Muyeye binti yangu, hiyo mi yako ingekuwa imeingia kwenye mifupa usingekuwa unaishikilia kwa vidole. Nyinyi wa siku hizi mnapelekewa wimbo kwa WhatsApp, mnasikiliza mkiosha vyombo, Alhamisi mnakuja nusu, Jumamosi mnajazana, Jumapili mnataka muujiza. Zamani solfa, hizo do re mi, ilikuwa ubaoni kwa chaki na kila mtu anaisoma peke yake amesimama. Aibu ile ilifundisha.

Na mkitaka kujua kazi ya kichwa njooni msimame nilipo mimi. Nasikia sauti nne, najua ni nani ameshuka na siwezi kumtaja, mkono unapiga tatu, mkono mwingine unamnyamazisha tena mmoja ambaye hajawahi kunyamaza, na Padri ananitazama kwa maana misa ya pili inangoja nje.

Tena_Mstaafu
Mwalimu huyo tena namjua 😂

Mzee_Solfa
Ndiwe.

Alto_wa_Muyeye
Mwalimu shikamoo. La aibu na la WhatsApp nakubali, nimeona mtu anajifunza Utukufu kwenye matatu. Lakini la kuchoka hapana, hapo naomba nisimame.

Mazoezi hayaondoi kazi, yanaihamisha. Nikiwa sijaujua wimbo kazi iko kwenye maneno na noti zangu, siwasikii wengine kabisa, naimba kama niko bafuni na nikimaliza niko sawa, kwa sababu kwa kweli sikuwa kwenye kwaya, nilikuwa na karatasi yangu. Nikishaujua ndipo masikio yanafunguka, na hapo ndipo nasikia kila kitu, huyu anashuka, yule amemeza neno, tena wanakimbia, mwalimu ametaka taratibu na soprano hawajamuona. Na nikishasikia siwezi kujifanya sijasikia. Walionizunguka wanaimba wakiniegemea, nusu yao hawasomi solfa, wananisubiri mimi nifungue mdomo ndio na wao wafungue, mdomo ukifunguka vibaya tumeharibika wote safu nzima. Mgeni anachoka kwa kutafuta, mzoefu anachoka kwa kubeba. Ninayemuona amerudi na nguvu zake zote misa ikiisha ni yule wa katikati, anayeujua wimbo na hajui kwamba kuna mtu anamtegemea.

Na kuna kitu cha ajabu, siku tuliyoimba vizuri zaidi mimi siikumbuki. Nakumbuka mwanzo, nakumbuka makofi. Hapo katikati nasimuliwa.

Bin_Langoni
Hilo la kutokumbuka ni kweli tupu yakhe. Mtu anakuya kukwambia ile beti ya katikati mmeivuta nikalia, wewe unamtazama tu, ipi?

Mzee_Solfa
Sawa binti yangu, nimekusikia. La kubeba sikuwa nalihesabu. Basi Alhamisi nitawatoa wale wanaokuegemea niwasimamishe mstari mwingine tuone watafanya nini.

Alto_wa_Muyeye
Mwalimu kwani wewe ni mwalimu WETU???

Mzee_Solfa
Njoo mapema.

Mama_Barani
🤣🤣🤣 Malindi ndogo jamani

Besi_Mgeni
Wakubwa zangu naomba msaada, nimejiunga na kwaya juzi juzi, nimewekwa besi, solfa ndio naanza, Jumapili ni mara yangu ya kwanza kusimama mbele na uzi huu umenitia hofu. Nikipotea katikati ya wimbo nafanyaje?

Tena_Mstaafu
Usihangaike kulitafuta ulipopotelea, wimbo hauko hapo tena. Zima sauti lakini usifunge mdomo, endelea kutamka maneno bila sauti, sikio lako mpe besi aliye kulia, na usubiri mstari mpya uanze. Mwanzo wa mstari ndio mlango. Katikati ya mstari usijaribu.

Saiko_Kilifi
Na fanya mazoezi ukiwa umesimama, sio umekaa, na viatu utakavyovaa.

Bin_Langoni
Na ule kidogo kabla.

Besi_Mgeni
Shukran. Na nikiingia kwenye mstari mpya nikapotea tena?

Mzee_Solfa
Utakuwa besi wa nne kupotea Jumapili hiyo. Endelea kufungua mdomo.

Nahodha_Ngomeni
Mnaimba misa ya saa ngapi? Nataka kuja kuangalia mende.

Alto_wa_Muyeye
Ya pili, saa nne. Ukija kaa upande wa alto, na ukitoka pale uniambie tuliimba nini.